Milioni 90 za Ezekiel Elliott: Je, Dallas Cowboys Walilipa Kupita Kiasi?

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Swali nililopewa jioni hii ni kama Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Marekani, ililipa kupita kiasi ilipomwongezea mkataba mkimbiaji wake Ezekiel Elliott mwezi Septemba 2019. Najua wapo kati yenu ambao bado wanaitunza jezi yake namba 21 kabatini, basi niseme mapema kwamba jibu langu ni ndiyo. Ila kosa ninaloliona mimi silo lile linalosemwa mara nyingi.

Kwa kuwa wengi wetu tumekulia kwenye soka, mniruhusu nieleze mambo mawili. Katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kila timu imewekewa kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2019 kilikuwa dola milioni 188.2, kwa hiyo tajiri hawezi kutia mkono mfukoni akamaliza tatizo kama tulivyozoea kwenye usajili wa soka. Kila dola anayolipwa mkimbiaji, yaani yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kutakiwa kuupenya ukuta wa wapinzani, ni dola aliyonyimwa mwenzake. Jambo la pili ni kwamba mkataba wa miaka 6 kule si ahadi ya miaka 6: timu inaweza kumwacha mchezaji njiani, na kinachobaki na nguvu ni zile fedha zilizodhaminiwa. Elliott aliandikiwa dola milioni 90 kwa miaka 6 ya nyongeza, na kati ya hizo milioni 50 zilidhaminiwa.

Je, alistahili? Kwa jasho alilokwisha kulitoa, bila shaka. Alichaguliwa wa 4 katika uteuzi wa chipukizi wa 2016, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na msimu wake wa kwanza akaongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira yadi 1,631 (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita); mwaka 2017 alifungiwa mechi 6; mwaka 2018 akaongoza tena, kwa yadi 1,434. Katika misimu hiyo 3 alikimbia na mpira mara 868, na nawaomba muipime namba hiyo kwa mwili wa binadamu, kwa maana karibu kila moja ya mbio hizo huishia chini, juu yake kukiwa na mtu mmoja au wawili wenye kilo zaidi ya 100. Pamoja na hayo yote, mshahara wake wa 2019 ulikuwa haufiki dola milioni 4, kwa sababu malipo ya chipukizi hupangwa kulingana na nafasi waliyochaguliwa. Akagoma kwenda kambini, akaenda kufanya mazoezi Cabo San Lucas, Mexico, mpaka siku chache kabla ya mechi ya kwanza dhidi ya New York Giants. Mimi simlaumu hata kidogo.

Ninaowalaumu ni walioketi upande wa pili wa meza. Elliott alikuwa bado ana miaka 2 katika mkataba wake wa awali, ule wa 2019 na ule wa 2020, na yote miwili ilikuwa kwa bei nafuu. Maana yake ni kwamba nyongeza ile haikununua miaka ambayo timu ilikuwa karibu kuipoteza; ilinunua miaka ya kuanzia 2021 na kuendelea, yaani miaka ambayo magoti ya mkimbiaji huwa yameanza kudai haki yake. Mwaka 2019 alipata yadi 1,357, halafu 979, halafu 1,002 msimu aliocheza na kano ya goti iliyochanika kidogo, halafu 876.

Na onyo walikuwa nalo. Januari 2019, miezi 8 kabla ya kutia saini, Cowboys walikwenda Los Angeles kucheza mechi ya mtoano na Rams. Elliott alizuiwa akaishia yadi 47 kwa mbio 20. Upande wa pili, Rams walikuwa na mkimbiaji Todd Gurley, ambaye kiangazi cha 2018 walimdhaminia dola milioni 45, lakini aliyepata yadi nyingi zaidi, 123, alikuwa C.J. Anderson, mtu waliyemwokota mwezi uliotangulia baada ya kuachwa na timu mbili msimu huohuo. Cowboys walikimbiliwa yadi 273 siku ile, wakayaona kwa macho yao, kisha wakarudi nyumbani na kutoa dau linalozidi la Gurley. Gurley mwenyewe aliachwa na Rams Machi 2020.

Mtaniambia kuhusu mkimbiaji Derrick Henry, aliyeongezewa mkataba na Tennessee Titans mwaka 2020 kwa dola milioni 50 kwa miaka 4, na mwaka huohuo akakimbia yadi 2,027. Au Saquon Barkley, ambaye Giants walimwachia aende Philadelphia naye akavuka yadi 2,000 mwaka 2024 na kutwaa ubingwa. Nakubali. Lakini katika mikataba yao ya wakati huo bei zao zilikuwa za chini kuliko ya Elliott kwa mwaka, na hakuna aliyelipwa huku timu ikiwa bado ina miaka 2 yake mkononi.

Kikomo cha mishahara kiliposhuka hadi milioni 182.5 mwaka 2021, hesabu zilibana. Machi 2022 Cowboys walimtoa Amari Cooper, mpokeaji wao wa pasi, kwenda Cleveland kwa malipo kidogo ya nafasi za uteuzi, ingawa sisemi kwamba Elliott peke yake ndiye sababu. Msimu uliofuata Tony Pollard, mkimbiaji mwenzake Elliott, akiwa bado katika mkataba wa chipukizi, alipata yadi 1,007 kwa mbio 193, wakati Elliott alihitaji mbio 231 kupata zile 876.

Tarehe 22 Januari 2023, katika sekunde za mwisho huko San Francisco, wakiwa nyuma kwa 19-12, Cowboys walimsimamisha Elliott katikati ya mstari, mahali pa yule anayempasia kotabeki, mwongoza mashambulizi, mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Aliupitisha, na papo hapo mlinzi mmoja akamsukuma akaanguka chali. Mwezi Machi akaachwa, na kwenye hesabu ya kikomo cha mishahara cha timu zikabaki karibu dola milioni 12 zilizogawanywa kati ya 2023 na 2024, kwa mchezaji ambaye kufikia msimu uliofuata alikuwa amevaa jezi ya New England.