4,294,967,297: namba iliyoangushwa na 641

Mabibi na mabwana, chukueni 2, ipandisheni kipeo cha 32, kisha ongezeni 1. Hiyo ndiyo namba yetu. Ukiiandika kwa 0 na 1 tu, inaanza na 1, zinafuata sifuri 31, inaishia na 1: tarakimu 33. Programu inayohifadhi namba kamili chanya kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, huidondosha ile ya mbele na kukurudishia 1, mara nyingi bila onyo lolote.

Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni namba tasa, na mwaka 1640 akaamini kwamba inayofuata, yaani hii yetu, nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641.

Kuijaribu kwa kila namba tasa iliyo chini ya kipeuo chake cha pili ni kugawanya mara 6,542. Lakini umbo la namba lenyewe linatupunguzia kazi. Tuseme p ni tasa na inaigawanya. Basi 2 kwa kipeo cha 32, ikigawanywa kwa p, inaacha baki −1 (yaani imepungukiwa 1 tu igawanyike), na kwa kipeo cha 64 inaacha 1. Mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea hujirudia kwa mzunguko wenye urefu wa 64 kamili, na urefu huo lazima uigawanye p − 1. Kwa hiyo p ni kigawe cha 64 na moja juu: 193, 257, 449, 577, 641. Mtihani wa tano tu, tumefika!

Wala kugawanya si lazima. 641 ni 5 × 128 + 1, tena ni 625 + 16. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki tu ya kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni −1. Ipandishe kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Lakini 5⁴ ni −2⁴. Weka mahali pake: −2³² ni 1. Imekwisha.

Ukiigawanya namba yetu kwa 641 unapata 6,700,417, nayo ni tasa. Kanuni kali zaidi inataka kila p inayoigawanya namba yetu iwe kigawe cha 128 na moja juu, na inatosha kujaribu zilizo chini ya kipeuo cha pili cha 6,700,417. 257 haiingii, kwani tukitoa 2 kwenye namba yetu tunapata 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Zimebaki 641, 769, 1,153 na 1,409; zikiigawanya 6,700,417 zinaacha baki 44, 120, 334 na 622.

Jihadharini na kipimo kimoja. Namba N ikiwa tasa kubwa kuliko 2, basi 2 kwa kipeo cha N − 1, ikigawanywa kwa N, huacha baki 1. Yetu inafaulu, kwa udanganyifu: N − 1 ni kigawe cha 64, na mzunguko tumeshauona. Tumieni 3 badala ya 2, baki ni 3,029,026,160. Kanuni hiyo ni ya Fermat mwenyewe. Kuzidisha baki kwa lenyewe mara 32, akianzia na 3, kungemtosha.