Friti Zimerudi Kaunta: Mhadhara kwa Wenye Restora za Kuku na Friti, Lubumbashi

Jambo yenu, wamama na wapapa. Naona hapa ndani kuna wenye restora, kuna wapishi, na kuna vijana wanaopokea pesa. Vizuri mmekaa pamoja, kwa sababu neno la leo ni lile ambalo kila mmoja humsukumia mwenzake: mteja amerudi kaunta na sahani mkononi, na amekasirika.

Nianze na sehemu ambayo wapatroni, yaani wenye restora, hawaipendi. Kuanzia katikati ya mji mpaka mitaa yetu ya Kenya na Katuba, malalamiko mengi hayaharibiki kwa sababu mhudumu hana adabu. Yanaharibika kwa sababu hana ruhusa. Mama anasema friti, yaani viazi vya kukaanga, ni baridi. Kijana anazigusa, anaona kweli ni baridi. Lakini vipande vya kuku vinahesabiwa kila jioni, na kikipungua kimoja kinakatwa kwenye mshahara wake. Wewe ungekuwa mahali pake ungesema nini? Ungesema, "Friti zetu ziko hivi hivi." Ama ungesema, "Ngojea patroni." Na patroni yuko mbali, Kasumbalesa mpakani.

Kwa hiyo kabla ya kuwafundisha watu kutabasamu, futa kwanza hiyo desturi ya kukata mshahara kwa chakula kilichorudishwa. Anayekatwa hujifunza jambo moja tu, kukana. Mpe mpokea pesa uwezo wenye mpaka unaojulikana: anaweza kubadilisha sahani moja, au kurudisha pesa ya sahani moja, bila kumpigia mtu simu. Masharti yawe mawili. Aandike kwenye daftari, na chakula kilichorudi kiwekwe kwenye ndoo yake peke yake ili jioni vipande vihesabiwe pamoja na vilivyouzwa. Wizi unazuiwa na ndoo na daftari. Kumtisha kijana hakuzuii chochote.

Tupige hesabu kwa mfano. Sahani unaiuza dola 7, vitu vilivyomo vinakugharimu dola 2 na nusu. Ukimbadilishia mteja, umepoteza dola 2 na nusu, si dola 7. Mteja huyo akiwa anakuja mara moja kwa juma, kila mara anakuachia dola 4 na nusu za kulipia nyumba, umeme na mishahara. Kwa mwaka ni dola 234. Hapo bado hujahesabu wenzake wa kazini anaokuja nao. Patroni anayebishana nusu saa kwa ajili ya dola 2 na nusu, mimi hesabu yake siielewi.

Sasa dakika ya kwanza. Mhudumu asimame; hakuna kumjibu mtu mzima ukiwa umekaa. Aipokee sahani kwa mikono miwili, aiweke chini, kisha amtoe mteja pembeni ya mstari, mita mbili tatu zinatosha. Hiyo si kumficha. Mtu anayezungumza mbele ya macho ya watu kumi hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Amwache amalize kusema. Halafu jibu liwe fupi: "Utusamehe, mama. Chakula hiki hakikupaswa kukufikia hivi. Tukupikie kingine ao tukurudishie pesa?" Basi. Neno "lakini" lisiingie hapo, wala SNEL, kampuni ya umeme, wala mpishi mgeni, wala "leo watu ni wengi." Sababu zote hizo zinaweza kuwa za kweli, ila mteja hakuja kununua sababu. Na usimwambie mtu aliyekasirika atulie. Sijui nani aliwahi kutulia kwa kuambiwa hivyo.

Angalia pia kwamba lile swali la mwisho linampa achague yeye. Mwaka 1998 watafiti watatu, Tax, Brown na Chandrashekaran, walichapisha kazi juu ya jinsi wateja wanavyopima jibu la malalamiko yao. Walionyesha kwamba mtu hupima haki ya aina tatu: alichopata mwishoni, njia aliyopitishwa mpaka akakipata, na jinsi alivyotendewa akiwa njiani. Ndiyo maana unaweza kumrudishia mtu pesa yote na akaondoka na hasira vilevile. Umemzungusha dakika arobaini, ukamtupia noti mezani. Kwenye moja umeshinda, kwenye mbili umeanguka.

Akichagua kupikiwa, mtajie muda wa kweli. Friti zilizokwisha kukaangwa mara ya kwanza huhitaji dakika 2 au 3 za mafuta ya moto, na ukijumlisha kuzichuja na kuzipakua, sema dakika 5. Kuku mbichi mwenye mfupa ni dakika 12 hadi 18 kulingana na ukubwa wa kipande. Hapo sema 20. Ukisema 20 ukaleta kwa 16, umefanya vizuri. Ukisema 5 ukaleta kwa 16, umetengeneza lalamiko la pili, na hilo ni gumu kuliko la kwanza. Sahani hiyo ipite mbele ya mstari, na irudi nzima: ukimpikia friti mpya huku kuku wake anapoa mezani, umehamisha ubaridi tu. Kilichorudi kinakwenda kwenye ndoo. Hakipashwi moto, hakirudi kwa mtu mwingine. Friti baridi ukizipasha kwenye mikrowevu zinakuwa kama ngozi, mteja atajua papo hapo.

Tuingie jikoni, kwa sababu nusu ya kazi ya kujibu malalamiko iko huko.

"Friti zina mafuta mengi, zimelegea." Karibu kila mara sababu ni kikapu kilichojaa kupita kiasi. Viazi baridi vikiingia vingi kwa pamoja, joto la mafuta linashuka, ganda halishiki haraka, mafuta yanaingia ndani. Kiasi salama ni gramu 100 za viazi kwa lita moja ya mafuta. Mara ya kwanza kaanga kwa joto la nyuzi 140 hadi 160, dakika kama 5, acha vipoe. Mara ya pili 175, dakika 2 au 3. Umeme ukikatika katikati ya kikapu, kitoe. Ukikiacha ndani ukisubiri umeme urudi, vinalewa mafuta na hakuna dawa tena. Wateja wanaosubiri uwaendee wewe kabla hawajakujia, uwaambie gesi au jenereta itachukua muda gani, na asiyetaka kungoja arudishiwe pesa hapo hapo. Lalamiko lililotanguliwa huwa jepesi.

"Kuku ana damu." Hapa wapishi hubisha sana, na wakati mwingine wana haki nusu. Kuku mchanga, hasa aliyegandishwa kwenye katoni, ana mifupa yenye vitundu. Rangi ya uboho hutoka na kuifanya nyekundu nyama iliyo karibu na mfupa hata ikiwa imeiva kabisa. Rangi peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni kipimajoto: sehemu nene, bila kugusa mfupa, nyuzi 74. Lakini hiyo ni habari ya jikoni. Mezani hakuna somo la mifupa, sahani inabadilishwa. Kisha mpishi achukue kipande kingine cha mpiko uleule akipime. Kikionyesha 65, zuia mpiko mzima, usingoje mteja wa pili. Chanzo mara nyingi ni kuku aliyetumbukizwa bado ana barafu ndani: nje anakuwa kahawia, katikati bado. Ayeyushwe ndani ya friji usiku kucha, si kwenye beseni juani.

Unywele, mdudu: badilisha, omba radhi, rudisha na pesa ya sahani hiyo, usijadili unywele ni wa nani. Kipande cha chupa au chuma ni jambo jingine. Kihifadhi kwenye mfuko, simamisha chakula chote kilichotoka kwenye sufuria hiyo, mwangalie mteja mdomoni, na kama amekatika ama amemeza, mpeleke kituo cha afya kwa gharama yako. Patroni aitwe hata akiwa harusini.

Halafu lile zito kuliko yote. Mtu anapiga simu: "Nilikula kwenu jana, usiku wote nimetapika." Usikane, usikiri. Muulize amekula nini, saa ngapi, ugonjwa ulianza saa ngapi, anaumwa vipi, na nani mwingine alikula naye. Andika kila jibu. Muda unasema mengi. Sumu ya kijidudu kiitwacho stafilokoki hutapisha ndani ya nusu saa hadi saa 8. Kijidudu kingine, salmonela, huchukua saa 6 hadi siku 6, na kampilobakta, kinachopenda kuku asiyeiva, siku 2 hadi 5. Kwa hiyo chakula cha mwisho mtu alichokula si lazima kiwe ndicho chenye kosa. Hilo ulijue wewe unapochunguza. Usilitumie kama fimbo ya kumpigia mgonjwa. Mtoto, mwenye mimba, mzee, mwenye damu kwenye choo, mwenye kuhara maji mengi mfululizo: waende hospitali sasa hivi, mambo ya fakitire, yaani karatasi ya malipo, yatazungumzwa kesho.

Ufaransa, majiko yanayolisha mashule na mahospitali hulazimika kuweka sampuli ya kila chakula kwenye baridi kwa siku 5. Kwetu, mwenye friji isiyokatika anaweza kufanya hivyo. Gramu 100 kwenye mfuko wenye tarehe ni gharama ndogo. Na mayoneze ya kutengeneza mwenyewe kwa mayai mabichi, umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili, imwage. Mwezi wa kumi, joto likipita nyuzi 32, mwisho ni muda wa saa moja tu. Najua inauma.

Malalamiko ya pesa hapa kwetu yanazidi hata ya chakula. Bei ya dola ya leo iandikwe ubaoni asubuhi, ikae mahali mteja anaiona kabla ya kuagiza. Noti iliyochanika kidogo, kama hamuipokei, semeni wakati wa kuagiza, si baada ya mtu kula. Unapomrudishia mtu pesa, rudisha kwa sarafu aliyolipa. Kama ni kwa franka, tumia bei ileile iliyoandikwa kwenye fakitire yake. Kwenye M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, rudisha kwenye nambari iliyotuma, na makato ya kutuma yalipwe na restora. Mteja akisema amekatwa mara mbili kwa sababu mtandao uliganda, usisome ujumbe kwenye simu yake, angalia salio na orodha ya miamala kwenye simu ya restora. Nambari ya muamala ndiyo shahidi.

Chakula kinachobebwa na motari, dereva wa pikipiki, kina ugonjwa wake mmoja, mvuke. Friti za moto ndani ya sanduku lililofungwa hulegea kabla hazijafika mtaa wa Golf. Toboa sanduku, sosi iwe pembeni, kuku asilaliwe na friti. Picha ya malalamiko ikifika kwa WhatsApp, jibu la kwanza litoke ndani ya dakika 10 hata kama ni la kusema tu umeona na unashughulikia. Ikitokea Facebook, jibu hadharani mara moja kwa adabu, maliza kwa faragha, na usimwombe mtu afute alichoandika. Akiridhika mwenyewe atasema.

Nimesema daftari mara kadhaa, sasa niseme kwa nini. Mwaka 1992 huko Albuquerque, Marekani, bibi mmoja, Stella Liebeck, alijimwagia kahawa ya McDonald's akaungua mpaka ndani ya ngozi. Aliomba dola 20,000 za matibabu. Kampuni ikataka kumpa 800 tu. Mahakamani mwaka 1994 ilijulikana kwamba kahawa ilikuwa ikitolewa kwa nyuzi 82 hadi 88, na kwamba ndani ya miaka kumi watu zaidi ya 700 walikuwa wamelalamika kuungua. Wengine walilipwa. Joto halikuguswa. Wazee wa baraza waliamua alipwe karibu dola milioni 2.9, hakimu akaipunguza, na mwishowe pande mbili zikapatana. Kumlipa mlalamikaji na kuacha sufuria ilivyo ni kununua kimya kwa mkopo.

Safu za daftari ni hizi: tarehe na saa, kitu gani, nani alikuwa jikoni, mteja alipewa nini, sababu iliyopatikana, na kilichobadilishwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa tupu. Kila Jumatatu patroni na mpishi walifungue pamoja. Lalamiko moja likijirudia mara tatu kwa juma, muache mteja, kagueni jikoni. Na juma likipita bila hata mstari mmoja, msifurahi haraka. Ulizeni kama watu wanaogopa kuandika.

Kuna swali pale nyuma: vipi yule anayemaliza sahani yote, anabakiza mfupa, ndipo anadai pesa? Yupo, nakubali. Ila ni wachache, na ukiweka sheria kwa ajili yake utawaadhibu wote. Mara ya kwanza usirudishe pesa taslimu: mpe kitu cha kula safari ijayo, andika jina na nambari ya simu mbele yake, mwambie kwa upole kwamba wakati mwingine arudishe sahani mapema ili mpishi aione. Akirudia mara ya pili, apewe hivyohivyo, huku akisomewa jina lake kwenye daftari. Ya tatu ni ya patroni mwenyewe, na patroni ana haki ya kukataa, kwa sauti ya chini, pembeni ya mstari.