Printa iko Kariakoo, seva iko Posta: draiva ikae wapi?

Mafundi wenzangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie printa zinazogoma mtu akiwa ameingia kwenye seva kwa mbali. Msimamo wangu nautoa mapema ili wa kubisha ajiandae: kadiri draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, zinavyopungua kwenye seva (kompyuta kuu ya ofisi), ndivyo usingizi wako unavyoongezeka. Wengi wetu tunafanya kinyume. Mhasibu akipiga simu kutoka Kariakoo kwamba invoisi haitoki, tunakimbilia kupakua draiva ya printa yake na kuipachika kwenye seva iliyoko Posta, katikati ya Dar es Salaam.

Hebu tuifuate hiyo invoisi. Mhasibu yuko dukani, Mtaa wa Kongo. Programu ya hesabu anayoiona kwenye kioo haimo kwenye kompyuta yake, imo kwenye seva. Akibonyeza kuprinti, kazi inaanzia Posta, inarudi kwa njia ileile ya intaneti mpaka dukani, ndipo inaingia kwenye printa. Ndiyo maana ndani ya seva printa yake inaonekana kwa jina lake likifuatiwa na neno "redirected" (imeelekezwa upya) na namba. Namba ile ni ya sesheni, yaani ya muda huo alioingia kwenye seva. Kesho akiingia upya inaweza kuwa nyingine. Programu inayohifadhi jina zima, namba ikiwemo, itawasumbua kila asubuhi, na draiva wala haihusiki.

Kabla ya Windows Server 2008, toleo la mfumo wa Microsoft unaoendesha seva, seva ilidai draiva yenye jina lilelile la draiva ya dukani, herufi kwa herufi. Ikikosekana, printa haitokei, na kwenye kumbukumbu za matukio unakuta tukio namba 1111 likilalamika kwamba draiva haijulikani. Naona wazee wa kazi wanacheka. Toleo hilo la 2008 ndilo lililoleta Easy Print, njia ya kuprinti bila draiva ya printa hiyo kwenye seva: seva inaandaa hati kwa muundo wa XPS (muundo wa faili la hati wa Microsoft), inaituma, na draiva ya dukani ndiyo inayoigeuza kuwa maandishi kwenye karatasi. Kwa hiyo kabla hujagusa seva, mwambie mhasibu aprinti ukurasa wa majaribio kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ukigoma huo, tatizo ni la dukani. Ukitoka, lakini ndani ya seva printa haionekani, angalia kama kisanduku cha printa kimewekwa tiki kwenye mipangilio ya kuunganisha na seva, halafu sera za seva, yaani kanuni za kuruhusu na kuzuia zilizowekwa humo.

Kwa nini nasisitiza uchache? Spula, yaani huduma ya Windows inayopanga kazi za kuprinti, ni moja kwa watu wote waliomo kwenye seva. Draiva mbovu ya printa moja ikiiangusha, hata ofisi ya Mbagala inasimama. Tangu toleo la Windows Server 2008 R2 unaweza kuitenga draiva iendeshwe peke yake, lakini ni wangapi humu wamewahi kufanya hivyo? Halafu draiva ni mlango pia: mwaka 2021, baada ya ule udhaifu wa usalama kwenye spula uitwao PrintNightmare, Microsoft ilifunga uwezo wa mtumiaji wa kawaida kujiwekea draiva kutoka kwenye seva ya printa. Msiufungue kwa sababu bosi ana haraka.

Printa za sindano, zile za riboni zinazotoa invoisi za nakala tatu, nazisamehe. Easy Print huzipelekea ukurasa kama picha. Sindano zinapiga kelele, karatasi inasogea kwa kusuasua, na nakala ya tatu haisomeki. Hapo weka draiva kwenye seva, jina lifanane kabisa na la dukani, kisha zima sera inayoipa Easy Print kipaumbele.

Na kuna hili la karatasi. Seva iliyowekwa kwa mipangilio ya Marekani huchukulia kwamba karatasi ni Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4. Printa inasimama, inadai Letter, na karani anabonyeza kitufe siku nzima akidhani mashine imezeeka. Badilisha mpangilio wa eneo (nchi) kwenye seva, na kwenye akaunti za watumiaji ambazo tayari zimeshafunguliwa.

Mkitaka kusafisha seva yenye draiva zilizorundikana miaka yote, fanyeni usiku watu wakiwa wametoka. Draiva inayotumika haikubali kufutwa: zima na uwashe spula, kisha uifute papo hapo kabla kazi nyingine haijaingia. Na weka akiba ya mipangilio ya printa kwanza.