Kabla Hujasema Babu Kasahau

Shikamooni wazee wangu. Wengine, hamjamboni.

Mmeniita nizungumzie mwenendo wa maisha na ugonjwa wa kusahau uzeeni, na pale mlangoni nimeulizwa kama nitataja presha. Nitaitaja. Lakini naanza na masikio, kama kawaida yangu, na nitaendelea hivyo mpaka tuyajali.

Mama yangu mkubwa alianza kujibu yasiyoulizwa. Unamwuliza kama amekula, anakwambia mvua bado. Wajukuu wakacheka. Kisha tukaacha kumwuliza. Mambo ya shamba lake tukayaamua mbele yake kana kwamba hayupo! Akaacha vikao, akaacha misiba, akahamia kigoda cha nyuma ya nyumba. Miaka mitatu. Siku alipopimwa, sikio moja lilikuwa limezibwa na nta, la pili linasikia kwa taabu. Aliposafishwa akauliza, "Nani amefariki?" Alijua amepitwa na misiba. Majirani wanne tuliwazika, hakuna aliyemwinamia kumwambia.

Mtasema uzee ndio huo. Hapana! Wazee wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wa miaka 70 na zaidi, walipochunguzwa, wenye dimenshia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, walikuwa kama 6 katika kila 100. Hao wengine si wazee?

Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayohusishwa na karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Kupoteza usikivu ni kati ya yale mazito kabisa, na upweke nao umo. Kwetu hayo mawili huenda pamoja: asiyesikia haongeleshwi, na asiyeongeleshwa akili yake inakosa kazi.

Mtasema vifaa vya kusikia ni ghali. Kweli, na ni jambo la kuipigia serikali kelele. Lakini nta husafishwa na mhudumu wa afya, si kwa njiti ya kiberiti. Na kuzima redio, ukakaa mbele ya mzee auone mdomo wako, ni bei gani?

Presha: ukifika miaka 40 pima, na dawa usiiache eti kichwa hakiumi. Sukari vilevile. Sigara mnaijua. Kutembea nilikuwa nacho cha kusema, ila naona naonyeshwa saa.

Baba, wewe wa nyuma kabisa, tangu nianze umeweka kiganja sikioni. Vijana, mleteeni kiti hapa mbele. Nitamrudia yote.