Oblique: neno linalokuja kwa ubavuni

Ndugu zangu mnaonitazama huko nyumbani, habari zenu. Leo nina neno moja tu la Kiingereza: oblique. Hutamkwa "obliik", mkazo ukiwa nyuma.

Nililifahamu kazini. Kikaoni msimamizi wetu alisema, macho yakiwa kwenye karatasi zake, kwamba anawashukuru sana wanaofika kabla ya saa mbili. Hakumtaja mtu. Nikadhani ni shukrani za kawaida. Tulipotoka, mwenzangu akaninong'oneza: yale maneno yalikuwa oblique, na yalikuhusu wewe. Kweli, wiki ile nilikuwa nimechelewa mara mbili. Iliniuma, kwa sababu ningeambiwa waziwazi ningejirekebisha siku ileile.

Asili yake ni Kilatini, obliquus, yaani kilichokwenda mshazari. Ushikeni mshazari huo, maana zake zote zimo humo. Ubao ukikatwa hanamu, pembe inayotokea ni oblique. Tia mikono kwenye mifuko ya mbele ya koti: vidole vinakoelekea ndiko zinakoelekea nyuzi za msuli wa nje wa ubavu, na misuli hiyo huitwa obliques. Mkwaju nao, ule mstari wa kuandikia "na/au", Waingereza huuita oblique. Hata dunia imo: mhimili wake umeinama nyuzi 23.4 hivi, mwinamo huo ni obliquity, nao ndio unaoleta majira.

Sasa kwenye usemi, na hapa naomba tutulie. Wengi hulichukulia kuwa sawa na indirect, yaani isiyo ya moja kwa moja. Indirect ni pana, hata kodi huwa indirect. Oblique ina shabaha: msemaji anajua anamlenga nani au nini, ila anapitia ubavuni. Utasema basi ni kijembe. Hapana, kijembe lazima kichome, na oblique inaweza kuwa upole mtupu. Mtu aliyefiwa na mwenzi wake akikuambia, "Nyumba imekuwa kubwa siku hizi," hajataja kifo, na umeelewa. Hiyo ni oblique reference. Wala si kuzungukazunguka kwa maneno mengi, maana huko ni circumlocution. Huyu kasema maneno matano tu.

Utalikuta zaidi kwenye maandishi na mazungumzo ya kiofisi: oblique remark, oblique hint. Kielezi chake ni obliquely. "She referred obliquely to the money," yaani alizigusia zile pesa bila kuzitaja.

Baada ya siku chache nilimfuata yule msimamizi nikamuuliza kwa heshima: "Was that an oblique reference to me?" Akaweka kalamu chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akasema ndiyo. Kisha akavuta kiti, tukaongea.