Sakafu ya Mawe Isifunikwe kwa Saruji: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Nyumba, Iringa

Kamwene. Ndugu mafundi waashi, nanyi akina mama na akina baba mliorithi au kununua nyumba za zamani hapa Iringa, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: sakafu ya mawe iliyolazwa juu ya udongo isifunikwe kwa saruji.

Iko nyumba moja kwenye mteremko, si mbali na jiwe la Gangilonga. Sakafu yake ilikuwa ya mapande ya granaiti yaliyochongwa kwa mkono, yakalazwa juu ya mchanga na viungo vyake kujazwa chokaa. Mama mwenye nyumba alichoshwa na nta nyekundu iliyopakwa juu ya mawe hayo miaka nenda rudi, akaita fundi. Fundi alimwaga zege jembamba juu ya mawe, akapanga vigae, akalipwa, akaondoka. Kifuku cha kwanza, yaani msimu wa mvua, kilipopita, plasta ilianza kuvimba chini ya kuta na kutoa unga mweupe wa chumvi. Kifuku cha pili, unyevu ulifika usawa wa magoti na miguu ya kabati ikaoza. Mama aliamini kwamba paa linavuja, akabadilisha mabati yote, na fedha hiyo ikapotea bure, kwa kuwa maji yalikuwa yakitoka chini. Mvua inayozama katika mteremko hupanda kidogo kidogo kupitia udongo, na zamani ilikuwa ikitoka kama mvuke kwenye viungo vya chokaa bila mtu kuiona. Zege na vigae vilipoiziba njia hiyo, maji yalikimbilia ukuta wa matofali ya kuchoma.

Tulibandua vigae, kisha tukaondoa zege kwa patasi na nyundo ndogo, jiwe baada ya jiwe, siku kumi na moja kwa chumba kimoja. Mawe matano yalimeguka kingo, kwa sababu saruji ilikuwa imeyashika kuliko chokaa inavyoshika, na kingo zile hazirudi. Viungo tulivikwangua kina cha vidole viwili, tukavijaza chokaa sehemu moja kwa mchanga safi sehemu tatu, tukavifunika kwa magunia mabichi wiki nzima, kwa kuwa upepo wa Juni hapa hukausha uso wa chokaa kabla haijashika ndani. Plasta mpya hatukupiga hadi mwaka ulipopita.

Najua mtaniambia kwamba chokaa ni dhaifu. Ni kweli, na ndiyo sababu inafaa: nyumba inapotikisika, ufa hupita kwenye kiungo, ambacho fundi hukijaza upya kwa nusu siku, badala ya kupasua jiwe. Wengine husema chokaa ni mambo ya pwani. Huko Mji Mkongwe wa Zanzibar kuta za mawe ya matumbawe zimeharibika palipozibwa kwa saruji, na sisi wa nyanda za juu tunarudia kosa lile lile ilhali mawe ya chokaa yapo Songwe, karibu kabisa na Mbeya.

Mengine nayataja upesi. Kabla ya kusafisha, dondosha ndimu mahali palipojificha: jiwe likitoa povu, lina chokaa ndani yake, na asidi mnayooshea vigae italitafuna, granaiti haitoi povu. Nta iondolewe kwa maji ya moto, sabuni na brashi ya nailoni, wala si kwa grenda. Varnishi msipake. Jiwe lililotitia liinueni, liandikeni namba kwa chaki, mlirudishe mahali pake juu ya mchanga ulioshindiliwa.

Uani kuna mapipa mawili ya chokaa iliyozimwa kwa maji wiki tatu zilizopita. Vaeni glavu, kwa sababu inachoma ngozi na macho, kisha kila mmoja wenu ajaze kiungo kimoja nikiwa nimesimama hapo.