Mdomo wa Lenzi: Kuhusu Kununua Kamera Inayokaribia Kuondoka Sokoni

Ndugu zangu wapiga picha wa Mwanza, mmeniuliza kama inafaa, kwa kijana anayeanza kazi za harusi na kipaimara hapa mjini, kununua DSLR (kamera yenye kioo ndani kinachoinuka unapopiga picha) iliyotumika wakati watengenezaji wakubwa wamekwisha kuelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Inafaa, ila msianze kwa kuchunguza bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Chunguzeni mdomo wake, pale lenzi inapofungwa, kwa sababu bodi itachakaa mikononi mwenu na lenzi ndizo mtakazobaki nazo.

Itazameni hii niliyoishika. Ni lenzi ya Canon EF, mfumo uliotoka mwaka 1987. Kioo cha kamera zake kinahitaji nafasi ya kuinuka, hivyo mdomo uko milimita 44 kutoka kwenye sensa, sehemu inayopokea mwanga wa picha. Katika mfumo wa RF wa Canon hiyohiyo, uliokuja mwaka 2018, kioo kimeondolewa na umbali umepungua hadi milimita 20. Zinabaki milimita 24, na pete hii ya adapta, ambayo mkichungulia mtaona ni tupu katikati, kazi yake ni kujaza pengo hilo na kupitisha umeme. Nimeifunga, na lenzi inavuta fokasi yenyewe.

Sasa linganisheni na EF-M, mfumo mwingine usio na kioo wa kampuni hiyohiyo, ambao bodi zake ni ndogo, nyepesi na bei yake inashawishi sana. Umbali wake ni milimita 18, kwa hiyo lenzi ingelazimika kuzama milimita 2 ndani ya mdomo wa RF, jambo ambalo pete ya kawaida haiwezi kulifanya. Mwenye lenzi hizo akitaka kuhamia RF atauza zote na kuanza upya. Mfumo huo siwashauri, hata mkipunguziwa bei.

Wenye Nikon F, mfumo wa tangu mwaka 1959, wanayo adapta ya FTZ ya kufunga lenzi zao kwenye kamera za Nikon Z zisizo na kioo, lakini lenzi za AF-D, zinazotegemea mota ya bodi, zikifungwa humo hupoteza fokasi ya kiotomatiki. Bwana harusi anapomvisha mwenzake pete, hakuna muda wa kuzungusha fokasi kwa mkono.

Lililobaki linatuhusu sisi tunaoishi Kirumba, Capri Point na kando yote ya ziwa: unyevu huotesha fangasi ndani ya lenzi, na lenzi iliyotumika huenda imekaa kabatini miaka mingi. Mulikeni kwa tochi kutoka nyuma, mtafute nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Nazipitisha kwenu lenzi mbili pamoja na tochi. Moja ina fangasi, na ningependa kila mmoja aione kwa macho yake.